Ofisa wa Destroya na Vita vya Ziwa Tanganyika

Katika majeshi ya majini ya mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na kazi iliyompa ofisa kijana madaraka makubwa mapema, na wakati huohuo ikayaanika makosa yake hadharani, kama uongozi wa destroya. Destroya ni manowari ndogo, nyembamba na yenye mwendo mkali, iliyobuniwa Uingereza katika miaka ya 1890 ili kuziwinda boti za topido, yaani vyombo vidogo vilivyoweza kuinyemelea meli kubwa ya kivita usiku na kuifyatulia kombora linalojiendesha chini ya maji. Topido yenyewe ilitokana na kazi ya mhandisi Mwingereza, Robert Whitehead, aliyeitengeneza mwaka 1866 katika mji wa Fiume kwenye pwani ya Adriatiki, na haikuchukua muda mrefu kabla ya Wafaransa kuona kwamba silaha hiyo ingeweza kumwezesha mnyonge wa baharini kumtishia mwenye nguvu. Wakuu wa jeshi la majini mjini London, waliokuwa wamewekeza fedha nyingi katika meli kubwa za chuma, walilijibu tishio hilo kwa kuagiza chombo chepesi cha kuzilinda meli hizo. Cha kwanza, HMS Havock, kiliundwa na kiwanda cha Yarrow na kuteremshwa majini mwaka 1893, kikiwa na mwendo wa maili 26 za baharini kwa saa, ambazo ni karibu kilomita 48.

Miaka michache baadaye destroya mpya zilitakiwa zifikie maili 30 za baharini kwa saa, na mwendo huo haukupatikana bure. Chombo cha urefu wa mita 64 hivi kilipewa upana usiozidi mita 7, mabati ya ubavu wake yalikuwa membamba, na nafasi kubwa ya ndani ilijaa matanuri ya makaa ya mawe na mitambo ya mvuke, hivi kwamba watu 60 hivi walibanana katika nafasi iliyobaki, ambamo maji ya bahari yalipenya kila wimbi lilipopanda sitahani. Serikali iliukiri ugumu huo kwa kuwalipa mabaharia wa vyombo hivyo posho maalumu ya malazi mabaya. Nahodha wake kwa kawaida alikuwa luteni, mara nyingi mwenye umri wa chini ya miaka 35, ambaye wenzake wa rika moja waliokuwa kwenye meli kubwa walikuwa bado wanasimamia zamu za ulinzi na kusubiri kuamriwa.

Mfano uliowavutia vijana wengi ulikuwa wa Roger Keyes, ambaye akiwa luteni nchini China mwezi Juni 1900 aliiongoza destroya Fame, akisaidiana na nyingine iliyoitwa Whiting, kuziteka destroya nne za Kichina katika mto ulio karibu na ngome za Taku. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepandishwa cheo kuwa kamanda, na hatimaye akafika kwenye vyeo vya juu kabisa. Mfano wa upande wa pili ulikuwa mwingi zaidi, ingawa haukusimuliwa kwa fahari. Mwezi Agosti 1901 destroya Viper ilipanda mwamba katika ukungu karibu na kisiwa cha Alderney, na mwezi uliofuata Cobra ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini na watu 67 wakafa. Mwaka 1908 destroya Tiger, ikiwa kwenye mazoezi ya usiku bila taa, ilipita mbele ya meli kubwa Berwick na kukatwa katikati. Kila chombo kilipopotea, nahodha aliyenusurika alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, ambako upanga wake uliwekwa mezani, naye aliporudishwa ndani kusikiliza hukumu aliijua kabla ya neno lolote kutamkwa, kwa kuwa ncha iliyomwelekea ilimaanisha kwamba ametiwa hatiani.

Geoffrey Spicer-Simson alikulia katika mazingira hayo, na maisha yake ya kazi yanafaa kuchunguzwa kwa sababu yanaonyesha jinsi shule ileile ya destroya ilivyoweza kumwangusha mtu baharini na kumwinua ziwani. Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1876, akalelewa kwa sehemu nchini Ufaransa, na akaingia katika jeshi la majini akiwa na miaka 14. Kilugha alikuwa hodari, kwa maana alizungumza Kifaransa na Kijerumani vizuri, na alikuwa na mwelekeo wa upimaji wa maji, ule ufundi wa kutafuta kina, miamba na mikondo ya bahari au mto na kuviweka kwenye ramani. Alipopewa kuongoza vyombo vya mwendo kasi, hata hivyo, nyota yake haikung'aa. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba katika mazoezi ya mwaka 1905 alipendekeza destroya mbili zivute kamba kati yao ili kunasa periskopu za nyambizi, mbinu ambayo nusura iizamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Kwamba aliwahi kukipandisha chombo ufukweni alipokuwa akijaribu ulinzi wa bandari ya Portsmouth. Na kwamba destroya yake iliigonga na kuizamisha boti iliyokuwa ikiwachukua mabaharia wa mapumzikoni, jambo lililomfikisha mahakamani.

Ni rahisi kuyageuza mambo hayo kuwa kichekesho, na waandishi wengi wamefanya hivyo, lakini orodha ya destroya zilizopotea kati ya mwaka 1901 na 1908 inadai hukumu yenye uangalifu zaidi. Kugongana kwa vyombo vilivyokwenda kasi gizani kulikuwa sehemu ya kazi, na wazo la kunasa nyambizi kwa kitu cha kukokotwa halikuwa la kipuuzi, kwa sababu vita vilipoanza jeshi hilohilo lilitumia zana za kukokota zenye baruti kwa madhumuni hayohayo. Kasoro ya Spicer-Simson ilikuwa ya namna nyingine: alikuwa mtu wa kujisifu aliyewachosha wakubwa wake, na ofisa wa aina hiyo akikosea hapati wa kumtetea. Keyes naye alikuwa mkaidi na mwenye kupenda hatari, ila yeye alibahatika kuwa Taku siku ambayo hatari ilizaa ushindi.

Matokeo yake ni kwamba Spicer-Simson aliondolewa kwenye njia kuu ya kupanda vyeo na kusukumwa pembezoni, kwenye mito. Alifanya upimaji katika mto Yangtze nchini China, kisha akakaa Gambia hadi 1914 akipima mto wa nchi hiyo. Miaka hiyo ilionekana kama kifungo cha mtu aliyesahauliwa, ingawa ndiyo iliyomfundisha kuishi mbali na karakana za meli na kuvielewa vyombo vidogo katika maji yasiyo na chumvi. Vita vilipozuka alirudishwa Uingereza na kupewa kundi dogo la vyombo vya ulinzi wa pwani, na hapo tena mkosi ukamfuata: tarehe 11 Novemba 1914 meli yake Niger, iliyotia nanga mbele ya mji wa Deal, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani U-12 wakati yeye mwenyewe akiwa nchi kavu. Alihamishiwa kwenye meza ya ofisi mjini London, na hapo ndipo maisha yake ya kazi yangeishia kama isingalikuwa habari iliyotoka Afrika ya Kati.

Habari hiyo ililetwa mwezi Aprili 1915 na mwindaji mmoja aliyeitwa John Lee, aliyeonana na Admeri Henry Jackson na kumweleza hali ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, lilikuwa mpaka kati ya Afrika Mashariki ya Kijerumani na Kongo ya Wabelgiji, na Wajerumani walikuwa wamelimiliki tangu Agosti 1914 walipoiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune. Walikuwa na vyombo viwili vidogo vyenye mizinga: Kingani, na Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mke wa ofisa aliyevunja upinzani wa Abushiri katika pwani ya Pangani na Bagamoyo. Jambo ambalo Lee alilisisitiza ni kwamba huko Kigoma ilikuwa ikiungwa meli ya tatu, Graf von Götzen, iliyoundwa katika mji wa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kupakiwa kwenye reli ya kati. Meli hiyo ya urefu wa mita 71, ambayo kwa kweli ilikuwa imekwisha kuteremshwa majini mwezi Februari, ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyokwama katika delta ya Rufiji. Mwenye ziwa aliweza kuvusha mamia ya askari kwa usiku mmoja na kuwashambulia Wabelgiji au Rhodesia ya Kaskazini pale alipopenda.

Spicer-Simson alichaguliwa kuongoza msafara wa kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hilo, na sababu zake si za kishujaa: alijua lugha za Wabelgiji na za adui, alikuwa amewahi kufanya kazi katika mito ya nchi za joto, na hakuna kazi ya maana aliyokuwa akiifanya wakati huo. Alipewa boti mbili za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, zilizoundwa na kiwanda cha Thornycroft na kuendeshwa kwa injini mbili za petroli. Alitaka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa walipokataa aliziita Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa yenye maana hiyohiyo kwa lugha ya watoto. Kila boti ilifungwa mbele mzinga wa kurusha makombora ya ratili 3, na nyuma bunduki ya rashasha. Mtu aliyezoea destroya angevitambua vyombo hivyo mara moja, kwa kuwa vilibeba wazo lilelile katika umbo dogo: mwendo mkali, silaha ya mbele, na ubavu usioweza kustahimili pigo hata moja.

Msafara wa watu wasiozidi 30 uliondoka Uingereza kwa meli katikati ya Juni 1915, ukafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, kisha boti zikapandishwa kwenye mabehewa ya reli kuelekea kaskazini hadi Fungurume katika Katanga, ambako reli ilikomea. Kutoka hapo palibaki zaidi ya kilomita 200 za pori na milima ya Mitumba kabla ya kuifikia reli nyingine ndogo ya kwenda Bukama, na sehemu hii ndiyo inayostahili kukumbukwa kuliko mapigano yote yaliyofuata. Mashine mbili za mvuke za kukokota mizigo zilitumika pamoja na makumi ya ng'ombe, lakini barabara yenyewe haikuwapo; ilifyekwa na wafanyakazi wa Kiafrika kwa mamia, waliokata miti, wakatandika magogo na kujenga madaraja zaidi ya 100 juu ya mabonde na vijito. Mashine hizo zilihitaji maji mengi na wakati ulikuwa wa kiangazi, hivyo wanawake wa vijiji vya jirani walikusanywa wayabebe kichwani kutoka mbali ili mvuke usizimike. Maofisa wa Kiingereza walipata nishani kwa safari hiyo na majina yao yamehifadhiwa. Majina ya waliofyeka njia hayakuandikwa, na bila wao Mimi na Toutou zingeozea chini ya milima. Kutoka Bukama boti zilishushwa katika mto Lualaba, ambao maji yake yalikuwa yamepungua kiasi cha kukwama mara kwa mara, zikafika Kabalo, na mwishoni mwa Oktoba zikawasili kwa reli karibu na mlango wa mto Lukuga, mahali ambapo leo upo mji wa Kalemie.

Hapakuwa na bandari, kwa hiyo Wabelgiji na Waingereza walilazimika kwanza kujenga boma la mawe la kuvunja mawimbi, na boti hazikuingia ziwani hadi siku chache kabla ya Krismasi. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba Kingani ilikuja kuchunguza kilichokuwa kikijengwa, na hapo Spicer-Simson akatumia alichojifunza ujanani. Mzinga wa Kingani ulikuwa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na haukuweza kulenga nyuma. Basi aliiacha ipite, kisha akatoka na kuifuata kutoka tezi, akiwa na mwendo maradufu ya wake, hivi kwamba kila ilipojaribu kugeuka ili ielekeze mzinga, boti zake nazo ziligeuka pamoja nayo. Pambano halikufika robo saa. Nahodha Mjerumani aliuawa, chombo kikasalimu amri, kikavutwa hadi pwani kikiwa karibu kuzama, na baada ya kuzibwa kilipewa jina Fifi na kufungwa mzinga mkubwa zaidi wa ratili 12.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilitumwa kutafuta habari za Kingani. Fifi, aliyokuwamo Spicer-Simson mwenyewe, haikuwa na mwendo wa kuifikia, kwa hiyo Mimi ilitangulia na kuisumbua kwa risasi za mbali ili igeuke kujibu, na kila ilipogeuka ilipoteza nafasi ambayo Fifi iliifidia. Makombora ya Fifi mwanzoni yaliruka juu ya shabaha, hadi nahodha wa Mimi aliporudi kumweleza kamanda wake kwamba analenga mbali mno; baada ya hapo Hedwig ilipigwa katika chumba cha mitambo, ikawaka moto na kuzama, na kamanda wake, Job Odebrecht, akatekwa. Ndani ya vyombo hivyo vya Kijerumani walikuwamo pia mabaharia Waafrika, ambao taarifa za Ulaya huwataja kwa idadi tu, pale zinapowataja.

Kesho yake Götzen ilitokea ikimtafuta mwenzake, nao maofisa wa Spicer-Simson walitaka kutoka kuishambulia, lakini alikataa. Wengi wameuita uamuzi huo woga. Hesabu ya mizinga inasema vingine, kwa sababu mzinga wa milimita 105 ungeweza kuvipiga vyombo vyake kabla havijaufikia umbali wa kurusha ratili 12, na boti za mbao zilizojaa petroli hazikuhitaji zaidi ya kombora moja. Tena hazikuwa na topido, silaha ambayo peke yake ingeweza kumpa mdogo nafasi ya kumuua mkubwa. Kwa vyombo alivyokuwa navyo, alikuwa sahihi. Lisilosameheka kwa urahisi ni yale yaliyofuata: aliondoka ziwani kwa miezi kadhaa kwenda kutafuta meli kubwa zaidi katika Kongo ya chini, na aliporudi na kutakiwa, mwezi Juni, kuuzuia mji wa Bismarckburg, ambao sasa ni Kasanga, usiwe mlango wa kutorokea, alihofia mizinga ya ngome na kujitenga, huku Wajerumani wakipanda mashua na kuondoka usiku. Ilibainika baadaye kwamba mizinga aliyoiogopa ilikuwa ya magogo. Askari wa nchi kavu waliotembea majuma mengi ili kuwanasa adui hao hawakumficha hasira yao, na muda mfupi baadaye afya yake ilivunjika na kurudishwa kwao.

Götzen nayo haikuzamishwa na mtu wa majini. Silaha zake kubwa zilikuwa zimeondolewa na kupelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, ndege za Kibelgiji ziliushambulia mji wa Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916 mafundi wake wenyewe walizipaka injini grisi nene na kuizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, siku mbili kabla ya Wabelgiji kuingia Kigoma. Iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la Liemba, meli ambayo abiria wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu hawahitaji kuelezwa habari zake.

Kuhusu mwenendo wa Spicer-Simson huko Lukuga, vitabu vya Ulaya vimejaa visa vya sketi aliyoivaa kwa sababu ya joto, chale za nyoka mwilini mwake, na madai kwamba Waholoholo wa pwani hiyo walimchukulia kama mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida. Sketi na chale zilishuhudiwa na watu wake. Dai la tatu halina ushahidi wa Mholoholo yeyote. Limetoka katika kumbukumbu za Wazungu waliokuwapo, na lafaa kusomwa kwa tahadhari ile inayostahili kila simulizi ambamo mgeni anaeleza jinsi alivyoheshimiwa na wenyeji.

Kwa ushindi wa ziwani alipewa nishani ya utumishi uliotukuka na heshima kutoka Ubelgiji, akapanda hadi cheo cha kepteni, lakini hakupewa tena kuongoza chombo cha vita. Mwaka 1921 mataifa ya kibahari yalipoanzisha huko Monako ofisi ya kimataifa ya kulinganisha ramani za bahari, alama zake na vipimo vya kina, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, na alikaa katika nafasi hiyo hadi 1937. Kazi hiyo ilihitaji Kifaransa kizuri, uvumilivu wa nyaraka na uzoefu wa mtu aliyewahi kuteremsha kamba ya kupimia kina katika mito miwili mikubwa, na hayo yote alikuwa nayo tangu zamani. Alifia Kanada, katika jimbo la British Columbia, mwaka 1947.